Barua ya wazi kwa wenye filamu za Japani: mfasiri naye awekwe kwenye bajeti

Kwa: Watayarishaji na wajumbe wa kamati za utengenezaji wa filamu, Tokyo
Nakala: Wakala wa Masuala ya Utamaduni; na Wizara ya Uchumi, Biashara na Viwanda

YAH: MKATABA, MUDA NA JINA LA MFASIRI

Waheshimiwa,

Mimi ni Mtanzania, mkazi wa Tokyo, na ugali wangu unatoka kwenye filamu zenu. Natafsiri mazungumzo ya Kijapani kwenda Kiingereza ili yawe manukuu, yaani yale maandishi yanayopita chini ya picha. Naandika muhtasari wa hadithi kwa ajili ya masoko ya filamu, natafsiri miswada mnayowapelekea wabia wa nje mnapotafuta fedha, na msimu wa matamasha ukifika naandika zile kurasa mbili tatu za maelezo wanazopewa waandishi wa habari wa kigeni. Hakuna aliyeniajiri. Mwezi usio na kazi hauna senti.

Nakala ya Kijapani mtaipata kwa njia ya kawaida. Hii ya Kiswahili naiweka hadharani kwa sababu vijana wa Nairobi, Dar es Salaam na Bukavu waliojifunza Kijapani huniandikia kuuliza kama kazi hii inalipa, nami nimechoka kumjibu kila mmoja peke yake. Jibu lenyewe linawahusu nyinyi kuliko linavyonihusu mimi, kwa hiyo ni haki mlisikie.

Kazi huingia hivi. Ni Ijumaa jioni, watu wanafunga ofisi, na barua pepe inakuja kutoka kampuni ya tafsiri: filamu ya saa mbili, tamasha fulani linataka kuiona ikiwa na manukuu ya Kiingereza kufikia Jumatano. Nafungua kiungo. Picha ni hafifu, alama ya kuzuia wizi imepigwa katikati ya skrini juu ya nyuso za waigizaji, saa ya kuhesabia fremu inakimbia pembeni, muziki haujaingizwa. Sauti ni ile iliyorekodiwa siku ya kupiga picha, kwa hiyo mvua inaponyesha mama mkwe anafungua mdomo na husikii kitu. Naomba orodha ya mazungumzo. Naletewa mswada wa kabla ya kupiga picha, ambao waigizaji waliubadilisha nusu nzima wakiwa seti. Bei haijatajwa, imeandikwa tu "kama kawaida".

Jumatatu mchana inakuja filamu nyingine, ila ni ileile. Mhariri amekata dakika tatu katikati na kulihamisha onyesho la msiba kutoka mwanzo kwenda mwisho. Kila nukuu iliyo baada ya mkato ule sasa imepotea njia na lazima irudishwe mahali pake kwa mkono. Malipo ya kazi hiyo ya pili hayatajwi. Jumanne linakuja jedwali la maoni kutoka kwa wajumbe wa kamati: mmoja anataka tafsiri ifuate Kijapani neno kwa neno, mwingine anataka fupi zaidi, wa tatu ameandika "haina ladha" bila kusema wapi. Mwongozaji, ambaye ndiye anayejua kwa nini mhusika alisema alichosema, hajaulizwa lolote, na mimi siruhusiwi kumpigia simu. Jumatano faili linakwenda. Kamati ya uteuzi ya tamasha, huko Ulaya, inaihukumu kazi yenu ya miaka mitatu kwa maneno niliyoyaandika kwa usiku tano.

Labda mtu ambaye hajawahi kuifanya kazi hii ataona nalalamika bure. Manukuu yana mistari miwili, kila mmoja usizidi herufi 42 hivi, nayo yakae skrini muda wa kutosha kusomwa bila mtazamaji kuuacha uso wa mwigizaji. Filamu yenye maongezi mengi hupita manukuu elfu moja, na kila moja ni uamuzi: kipi kibaki, kipi kitupwe, mzaha uokolewe vipi, heshima kati ya bosi na kijana wake ionekane wapi wakati Kiingereza hakina mahali pa kuiweka. Kijapani hupenda kumwacha mtendaji bila kutajwa. Katika filamu ya upelelezi, mtu anaweza kumzungumzia muuaji nusu saa nzima bila kusema kama ni mwanamume au mwanamke, na Kiingereza kinanitaka nichague sasa hivi. (Kiswahili kingenisitiri hapo.) Nikikosea, nimefichua hadithi. Swali hilo mwongozaji angelijibu kwa dakika moja.

Najua mtasema: hatumjui mtu huyu, sisi tulitoa kazi kwa kampuni. Ni kweli, na hapo ndipo penye tatizo. Filamu nyingi zenu hutengenezwa na kamati ya makampuni kadhaa: kituo cha televisheni, msambazaji, mchapishaji wa kitabu, wakala wa matangazo, kila mmoja ametia fedha zake. Kamati inampa kazi wakala wa mauzo ya nje, wakala anaipa studio ya kumalizia picha, studio inaipa kampuni ya tafsiri, kampuni inanipa mimi. Kila mkono unabakiza chake, jambo ambalo ni halali. Lakini kila mkono unapunguza pia muda, na habari zinachujwa zikishuka, hata inapofika chini hakuna anayejua jibu la swali langu wala mwenye idhini ya kuniongezea siku mbili. Halafu ukiitafuta tafsiri kwenye bajeti ya filamu huioni, kwa sababu imemezwa ndani ya "gharama za mauzo ya nje", ambazo hupangwa baada ya kila kitu kingine kuisha.

Watu wa seti walau wameanza kusikilizwa. Tangu Aprili 2023 kuna mfumo wa kuithibitisha filamu iliyopigwa kwa masharti ya haki, unaotaka siku ya kazi isizidi saa 13 pamoja na maandalizi na chakula, na wiki iwe na angalau siku moja isiyo ya kupiga picha. Ni hatua nzuri, ijapokuwa saa 13 bado ni nyingi. Ila masharti hayo yametungwa kwa ajili ya seti, mahali penye taa na kamera. Anayekesha nyumbani kwake Suginami na kompyuta na vipokea sauti masikioni hayumo kwenye hesabu hiyo.

Sasa nije kwenye jina, maana nalo si dogo.

Japani ni nchi inayomheshimu mfasiri wa filamu pengine kuliko nchi yoyote, mradi filamu iwe inaingia. Mwaka 1931, filamu ya Marekani iitwayo Morocco ilionyeshwa hapa ikiwa na maandishi ya Kijapani juu ya picha, kazi ya Tamura Yukihiko, na tangu hapo ikajengeka fani kamili yenye mabingwa wake. Nenda leo katika jumba lolote la sinema Shinjuku ukaangalie filamu ya Hollywood hadi taa ziwake: mwishoni kabisa linatokea jina la aliyeitafsiri. Toda Natsuko, aliyezaliwa 1936 na aliyejulikana kwa kazi yake kwenye Apocalypse Now, ni mtu maarufu. Watu wasiojua hata jina moja la mwongozaji wa Marekani wanalijua lake, na wanagombana kuhusu tafsiri zake kama watu wanavyogombana kuhusu kocha wa timu ya taifa. Kugombaniwa nako ni heshima.

Geuza njia sasa, filamu iwe inatoka. Majina yanapanda skrini: madereva, wapishi, kampuni ya bima, duka lililoazima viatu. Mfasiri wa Kiingereza mara nyingi hayumo. Si kwamba watu wa namna hiyo hawajawahi kujulikana. Donald Richie, Mmarekani aliyeishi Tokyo hadi kufa kwake 2013, aliandika manukuu ya Kiingereza ya baadhi ya filamu za Kurosawa Akira na akaiandikia dunia kuhusu sinema ya Japani maisha yake yote. Jirani zenu wa Korea waliposhinda Cannes 2019 na Oscar 2020 kwa Parasite, jina la Darcy Paquet, aliyeandika manukuu ya Kiingereza, lilitajwa magazetini na akahojiwa kuhusu kila mzaha aliouokoa. Haikuwagharimu watayarishaji hata woni moja kumtaja.

Tena sheria yenu wenyewe iko upande wangu. Sheria ya Hakimiliki ya Japani, kifungu cha 19, inampa mtunzi haki ya kutajwa jina, na tafsiri ni kazi ya mtunzi, imetokana na nyingine lakini ina mwenyewe. Mnalijua hilo, ndiyo maana mikataba inayoletwa kwetu, pale inapoletwa, ina kifungu kinachotutaka tuahidi kutoidai haki hiyo kamwe. Angalau hapo kuna ukweli: hamuwezi kumwomba mtu asidai kitu ambacho hana.

Nimesema "pale inapoletwa". Tarehe 1 Novemba 2024 ilianza kutumika sheria ya kulinda shughuli za wafanyakazi wa kujitegemea. Inasema anayetoa kazi aandike, kwa karatasi au kwa barua pepe, kazi ni ipi, malipo ni kiasi gani na yatalipwa lini, na malipo yasivuke siku 60 tangu kazi kupokelewa. Juni 2025 Tume ya Biashara ya Haki ilitoa maonyo yake ya kwanza chini ya sheria hii, nayo yakawaangukia wachapishaji wawili wakubwa. Kwa hiyo "kama kawaida" si bei tena, na tangu maonyo yale nimeona barua pepe za Ijumaa zikianza kuwa na tarakimu. Nawashukuru waliobadilika.

Lakini sheria ina mwanya, na sisi wa manukuu tumeangukia humo humo. Vifungu vinavyokataza kupunguza malipo bila kosa la mfanyakazi, kumpa bei ya kumkandamiza, au kumrudishia kazi airudie bure, vinahusu kazi ya mwezi mmoja au zaidi. Kazi ya manukuu huchukua wiki, ikizidi sana mbili. Kwa maneno mengine, mkinikatia dakika tatu za filamu nikarudia kila kitu, sheria inataka tu mniandikie bei mapema. Kuhusu ile rudia-rudia haina la kusema. Dawa yake ni rahisi na wala haihitaji bunge. Kampuni inayonipa kazi mara kwa mara iandikiane nami mkataba wa jumla wa mwaka mmoja, kisha kila filamu iwe oda chini ya mkataba huo. Hapo muda unahesabiwa kwa mkataba, na ulinzi wote unafanya kazi. Nimewaomba hili baadhi yenu. Jibu lilikuwa tabasamu na maneno "tutalifikiria", ambayo aliyeishi Japani anajua maana yake.

Kwa sisi wageni karatasi hiyo ni zaidi ya pesa. Kibali cha ukaazi kinachotutambua kama wafasiri huhuishwa kwa kuonyesha mikataba na hati za kodi. Afisa wa uhamiaji hawezi kukubali kuwa nina kazi kwa kuonyeshwa barua pepe zinazosema "tunaomba msaada kama kawaida". Ninyi mnakata kodi ya zuio ya asilimia 10.21 kwenye kila malipo yangu, na mnaikata bila kusahau hata mara moja. Mkono huo huo unaokumbuka kukata unashindwaje kukumbuka kuandika? Na tangu Oktoba 2023, mfumo mpya wa ankara wa kodi ya matumizi ulipoanza, wenzangu wengi wanaoingiza chini ya yeni milioni 10 kwa mwaka wamelazimika kuchagua: wajisajili na kulipa kodi ambayo awali walisamehewa, au wabaki kama walivyo na kuonekana mzigo kwa mteja. Sitakaa sana hapo, wahasibu wameshapiga kelele vya kutosha.

Ujanja mpya unaitwa "neitibu chekku", yaani ukaguzi wa mzawa wa lugha. Zamani ilikuwa kazi ya kweli: Mjapani ametafsiri, mtu aliyekulia Kiingereza anapitia na kulainisha, na bei yake ni sehemu ndogo tu ya bei ya kutafsiri. Sasa linakuja faili lenye jina hilo na bei hiyo, ukilifungua unakuta ni mashine iliyotafsiri. Mhusika mmoja ana majina matatu. Bibi kizee wa kijijini Tohoku anaongea kama tangazo la benki. Mtu anatania juu ya kifo chake na Kiingereza kinatoa rambirambi. Kurekebisha haiwezekani, unafuta na kuanza upya, kisha unalipwa ujira wa kupitia. Jambo moja linanichekesha: nikiomba kazi ya kutafsiri naambiwa kwa upole kwamba Mtanzania si mzawa wa Kiingereza, ikija kazi ya kusafisha nyuma ya mashine, uzawa hauulizwi.

Siwaambii mwitupe akili mnemba. Naitumia kutafuta majina ya samaki na vyeo vya jeshi la zamani. Nawaambia msiiite kwa jina la uongo. Juni 2024 Jumuiya ya Wafasiri Japani ilitoa tamko la wasiwasi kuhusu mpango wa kutafsiri vitabu vya katuni kwa wingi kwa mashine, na kuna waliosema ni watu wanaotetea vibarua vyao. Mwaka uliofuata manukuu ya Kijerumani ya katuni moja ya Kijapani yakatoka hadharani yakiwa na maneno "ChatGPT said" mwanzoni mwa nukuu. Maana yake ni kwamba hakuna binadamu hata mmoja aliyeyasoma kabla ya kuwauzia watu.

Na hapa ndipo nawaambia wizara, kwa sababu nyinyi ndio wenye namba. Mmetangaza kwamba mauzo ya nje ya kazi za burudani za Japani, yaani michezo ya video, katuni, filamu na vitabu, yalifika yeni trilioni 5.8 mwaka 2023, na kwamba mnataka yafike trilioni 20 ifikapo 2033. Katika mauzo hayo, kila hadithi inayovuka bahari inavuka ikiwa mikononi mwa mfasiri. Mnalijua hili pia, maana ruzuku ya serikali iitwayo JLOX+ imegharimia sehemu ya kazi ya kuzipeleka filamu kwenye lugha nyingine, na Wakala wa Utamaduni umesaidia manukuu ya filamu zinazoalikwa matamasha ya nje. Fedha za umma zinatoka, zina kifungu chake, zina risiti. Zinaingia juu ya mnyororo, na wa chini kabisa hajui hata kama zilikuwepo.

Tena Kiingereza chetu hakiishii kwa Waingereza. Manukuu ya Kiingereza ndiyo yanayogeuzwa kiolezo cha lugha nyingine: Kireno, Kiarabu, Kiindonesia, na Kiswahili siku kikikumbukwa. Kosa la usiku wa Jumatatu linazaliana huko. Nataja Kiswahili kwa makusudi. Mwaka 2011 Watanzania waliketi mbele ya TBC kumtazama Doudou na mama wakwe zake, tamthilia ya Kichina iliyoingizwa sauti za Kiswahili, na watu wakaizungumza mitaani. Wachina walielewa kwamba mtazamaji humjii kwa lugha ya mtu mwingine. Kwetu hili si geni: Lufufu wa Tanzania na DJ Afro wa Kenya wamejenga umati mkubwa kwa kuzisimulia filamu za kigeni kwa Kiswahili, kama walivyofanya benshi wenu enzi za filamu zisizo na sauti. Na Chuo Kikuu cha Osaka kinafundisha Kiswahili tangu zamani, kwa hiyo wa kutafsiri moja kwa moja kutoka Kijapani wapo, pande zote mbili za bahari. Anayekosekana ni wa kuwaita na kuwalipa.

Waongozaji wadogo wanaotengeneza filamu kwa akiba zao wasijione wamesemwa humu. Hao ndio wanaonipigia simu saa tano usiku kuuliza nimeielewaje sentensi fulani, wanaonilipa kidogo lakini kwa tarehe waliyoitaja, na filamu zao ndizo zenye jina langu. Kama mwenye kamera ya kuazima anaweza, kamati ya makampuni saba haina kisingizio.

Ninachoomba ni hiki. Tafsiri iwe na mstari wake kwenye bajeti siku ile ile mnapoandika mstari wa mpiga picha, ili isingoje makombo. Mfasiri apewe filamu iliyokwisha kukatwa, orodha ya mazungumzo yaliyosemwa kweli, na mtu mmoja wa kumuuliza maswali. Mkikata tena, mlipe tena. Kazi ya mashine iitwe ya mashine na ilipiwe kwa saa. Jina liwe skrini.

Kwa wizara na Wakala ombi ni dogo zaidi. Fomu za ruzuku zinamtaka mwombaji aonyeshe gharama za lugha. Chini ya gharama hiyo ongezeni mambo matatu: jina la aliyetafsiri, kiasi alicholipwa yeye mwenyewe na si kampuni, na tarehe aliyokabidhiwa filamu. Asiyejaza asilipwe. Mnyororo utanyooka wenyewe kabla ya duru inayofuata ya maombi.

Rasimu ya mkataba wa mwaka ninayo, nimeiandika pamoja na wenzangu wanaotafsiri kwenda Kifaransa na Kihispania, kwa Kijapani. Tuambieni tuilete wapi na siku gani.

Wenu katika kazi,

Mfasiri wa kujitegemea,
Tokyo